MAFFT inajaza vistari kwenye mifuatano ya COI ya mbu

Mkuu, kama nimekuelewa, mifuatano yako ya COI (jeni la mitokondria linalotumika kutambua spishi) ina herufi za DNA 650 hivi kila mmoja, lakini MAFFT, programu ya kupanga mifuatano ilingane, inakurudishia faili la herufi zaidi ya 1,200, nusu yake vistari, yaani alama za mapengo. Programu haina tatizo. Karibu hakika baadhi ya mifuatano ilisomwa kwa praima ya nyuma (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha usomaji kutoka upande wa pili) na haikugeuzwa kabla ya kuchanganywa na mingine.

Jaribu hivi:

mafft --adjustdirection --auto mbu.fasta > mbu_sawa.fasta

Kwenye faili jipya, majina yaliyoanza na _R_ ndiyo yaliyogeuzwa. Angalia hapo: ukijenga mti wa ukoo, majina hayo hayatalingana tena na jedwali lako la sampuli, na wengi huhangaika siku nzima bila kujua kwa nini.

Kipande hicho cha COI cha mbu kwa kawaida hakina vistari katikati. Kistari kikibaki hata kimoja, rudi kwenye kromatogramu (grafu ya vilele kutoka mashine ya kusoma DNA) ukihesabu vilele kwa macho, hasa penye T nyingi mfululizo. Na ukitafsiri kuwa amino asidi, chagua jedwali namba 5 la kodi za kijenetiki (la mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo). Kwenye namba 1, la kawaida, TGA inasomwa kama kodoni ya kusimama, utadhani data yote imeharibika.