Mpima akianza kuuza nyumba, mipaka yetu ataisimamia nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mpima ardhi akiacha upimaji akaingia kwenye ujenzi na nyumba za kuuza, amepanda au amepotea njia? Mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya, na habari ya kupanda au kupotea nawaachia wengine. Langu ni kwamba sisi majirani tunahitaji mpima asiye na kiwanja chake ndani ya mchoro.

Huku kwetu mashamba ya mahindi na viazi yamegeuka mitaa, na mara nyingi nyumba zimetangulia ramani. Kwa hiyo urasimishaji, yaani kupimiwa rasmi makazi yaliyokwisha jengwa, ulipofika mtaani watu hawakulala. Kila mmoja alijua kuna atakayemegwa barabara ipite.

Kijana aliyekuja kupima alianzia kwa marehemu baba, kwa kuwa shamba letu lilikuwa chini kabisa, bondeni. Ilikuwa Septemba, vumbi tupu. Akamwamkia, akasimamisha darubini yake, kisha akaiacha hapo hapo akauliza, "Mzee, masika maji yanapita wapi?" Baba alimtazama kwanza. Watu wa ofisini walizoea kumuuliza karatasi tu. Akaweka jembe chini, wakaondoka wawili. Wakapita katikati ya mabua, nyuma ya choo cha jirani, chini ya mparachichi, hadi penye kivuko cha magogo. Baba akamwonyesha udongo wetu huu wa majivu ya volkano unavyokatika ukilowa, akamwonyesha na mahali zizi la babu lilipochukuliwa na maji. Kijana anaandika. Wakapanda tena, wakashukia upande wa pili. Makande ya mama yalipoa, yakapashwa, yakapoa tena.

Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 za kutojengwa kutoka ukingo wa mto, lakini mkondo wa msimu kama ule Septemba hauonekani. Asiyeuliza atauchora kuwa kiwanja, na mtu atauziwa.

Mchoro ulipotoka, mkondo ulikuwa umeachwa wazi na barabara imepita kandokando yake. Sisi wa chini tulimegwa. Kwenye mkutano wa mtaa, jirani mmoja aliapa kung'oa bikoni, yale mawe ya mpaka. Yule kijana alisimama akaeleza, na hakurudi nyuma hata futi moja. Aliweza kwa sababu pale hapakuwa na hatua hata moja ya ardhi yake.

Leo huyo huyo anajenga nyumba za kuuza, na ndiyo maana swali lenu limenigusa. Cheti cha upimaji peke yake hakimfanyi mtu mkandarasi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina masharti yake na madaraja yake, 7 kwa wajenzi wa majengo. Hizo taratibu amezifuata. Nilikuwa nimekaa niandike kwamba angebaki na darubini yake.

Lakini nyumba zake nimeziona. Alichimba mfereji kabla ya msingi. Upande wa juu wa nyumba hizo kuna mwenye fedha aliyejenga kwa kufuata dalali, na kila masika anahamisha magodoro. Kwa ardhi ya miinuko kama hii, anayejua maji yanakotoka ndiye ningependa anijengee. Basi ajenge, na ningekuwa na uwezo ningenunua kwake.

Ila asipime mwenyewe anachouza. Bikoni aziweke mpima mwingine, majirani wa pande zote wakiwepo, na mnunuzi aione ramani iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani kabla ya kutoa hata shilingi. Tambarare za Usangu huenda zikahitaji uangalifu wa namna nyingine. Nasema ya huku mlimani. Na mpima anayepima mtaa ambao tayari ana kiwanja, hata kama kimeandikwa jina la mkewe, alitamke hilo kwenye mkutano wa mtaa kabla bikoni ya kwanza haijachimbiwa.