Mteremko ndio wa kuogopa: kwa mnaoanza safari za baiskeli na kulala milimani Kigoma

Anayejiunga nasi mara ya kwanza huulizia kupanda. Nitaweza? Miguu itastahimili? Kupanda kusikutie hofu. Pumzi ikikata, unashuka, unakokota baiskeli, na jioni unafika kama wenzako. Ninachowaomba mkiheshimu ni mteremko wa Jumapili, siku ya kurudi, mkiwa na mizigo ya kulala kwenye keria.

Ziwa Tanganyika tunaloliacha nyuma liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na upande wa Kalinzi, kule milimani, tunafika kwenye mita 1,500 na zaidi. Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu ni lami, lakini sisi tunaiacha na kuingia njia za changarawe na udongo mwekundu, katikati ya migomba na kahawa. Kimo chote ulichopanda Jumamosi kinasubiri breki zako.

Safari yangu ya pili nilibana breki ya nyuma kutoka juu bila kuiachia. Breki zangu ni za mpira, zinasugua rimu. Rimu ikashika moto, gundi ya kiraka ikalainika, tyubu ikaisha upepo nikiwa kwenye kona. Nashukuru Mungu niliangukia upande wa mlima, si wa bonde. Nilipoigusa rimu, niliutoa mkono upesi. Kwa hiyo bana, achia, bana, achia, kwa breki zote mbili. Punguza mwendo kabla ya kona, kwa sababu ukibana katikati ya kona tairi linateleza juu ya kokoto. Simama njiani rimu ipoe, hata kama wenzako wametangulia. Wanaokupenda watakusubiri.

Walimu wazuri kuliko mimi ni wale vijana wanaoshusha ndizi na mkaa kwa baiskeli. Watazame. Uzito wote uko chini, umefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, imevutwa mpaka inalia. Penye mteremko mkali hawapandi. Wanatembea nayo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo. Nawe ukimaliza kufunga hema na blanketi, shika mzigo uutikise. Ukicheza wenyewe na baiskeli imetulia, fungua uanze upya. Usione uvivu hapo.

Baiskeli ya bei si lazima. Tairi pana, milimita 40 hadi 50, na upepo uliopunguzwa kidogo, zinatosha. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, msasa na pampu, na ujifunze kuziba pancha nyumbani kwanza.

Sasa kulala. Huku magharibi jua linachelewa: linazama karibu saa moja jioni, kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na asubuhi nako linachelewa kuchomoza. Mgeni akiona saa kumi na mbili kungali mchana hujisahau, anaendelea kunyonga pedeli. Saa kumi na moja tafuta mwenyekiti wa kitongoji. Msalimu kwa adabu, hata kwa neno moja la Kiha, lugha ya wenyeji. Mweleze mmetoka wapi, mko wangapi, mnaondoka lini. Beba kitambulisho, kwani mpaka wa Burundi uko karibu na mtu asiyejulikana lazima aulizwe. Mara nyingi tumeonyeshwa uwanja mzuri kuliko tuliouchagua wenyewe, na maji tukaonyeshwa. Yachemshe hata hivyo.

Usitege hema bondeni kando ya kijito. Baridi ya usiku hushukia huko, na mvua za Novemba hadi Aprili hujaza vijito upesi. Mimi nawapeleka wapya Juni hadi Agosti, njia zikiwa kavu. Chukua blanketi zito hata kama mjini umeacha joto. Chakula ni dagaa wakavu, unga wa muhogo, chumvi na limau. Haviozi upesi, na sufuria moja inatosha.

Jumapili, kabla hujagusa chai, pindua baiskeli magurudumu juu. Zungusha gurudumu, bana breki, tazama kama mpira unagusa rimu pande zote mbili na haulambi tairi. Umande ukiwa bado kwenye rimu, ufute kwa kitambaa, maana breki yenye maji huchelewa kushika na kona ya kwanza iko karibu.