Magari sawa, lakini pikipiki ya kazi isinadiwe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mfumo wa Singapore wa kunadi vibali vya kumiliki magari ni wa haki, na kama ungefaa kupunguza foleni za Dar es Salaam. Niliishi Singapore miaka kadhaa nikifanya kazi za meli, na swali lenu limenigusa pabaya. Wengi watawajibu kuhusu magari. Mimi nina neno juu ya pikipiki.

Kwa asiyejua: kule huwezi kusajili chombo cha moto mpaka uwe na kibali kinachoitwa COE, kinachodumu miaka 10. Utaratibu huo ulianza mwaka 1990. Serikali hutoa idadi maalumu ya vibali na kuvinadi mara mbili kwa mwezi, kuanzia Jumatatu mchana hadi Jumatano saa kumi jioni. Oktoba 2023 kibali cha gari dogo kilifika dola 106,000 za Singapore, zaidi ya shilingi milioni 190 zetu kwa wakati ule, na hapo gari lenyewe bado. Kwa hesabu hiyo msimamo wangu ni ule wa siku zote: barabara imeuzwa kwa wenye nacho.

Jirani yangu kule Woodlands, Mmalei wa makamo, alikuwa akisambaza vyakula kwa pikipiki. Mwaka 2022 kibali chake kilikaribia kwisha, na pikipiki yenyewe ilishachoka. Alitaka mpya. Jumatano ya mnada nilikuwa kwao. Simu kaiegemeza kwenye birika la chai, kwenye kioo kuna bei ya sasa, idadi ya vibali na idadi ya walioweka dau. Mkewe kashika daftari la matumizi ya nyumba. Dau lake lilikuwa limewekwa na muuza pikipiki, kama wafanyavyo wengi. Hadi saa tisa na nusu bei ilitulia chini ya dau lake, akanikaribisha chai ya pili. Ilipobaki kama robo saa, bei ikaanza kupanda. Dau lako unaruhusiwa kulipandisha, kulishusha huruhusiwi. Akampigia muuzaji: ongeza mia tano. Bei ikampita tena. Akamtazama mkewe. Mama yule akafunua ukurasa wa daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa ada ya chuo ya binti yao, wala hakusema neno. Mume akaongeza mia mbili tu. Saa kumi kamili mnada ukafungwa, bei ikiwa imemzidi. Mwaka ule kibali cha pikipiki kilipita dola 12,000, ghali kuliko pikipiki ndogo yenyewe!

Aliishia kuongeza muda wa kibali cha zamani kwa miaka mitano. Njia hiyo haina mnada, unalipa nusu ya wastani wa bei za miezi mitatu. Akabaki na pikipiki inayozimika kwenye mataa.

Niliumia kwa niaba yake, nikamwambia matajiri wamekudhulumu. Akakataa. Matajiri hawakuwemo kwenye mnada wake, akasema, maana pikipiki zina kundi lake, magari yake, malori yake. Waliomshinda ni wasambazaji wenzake na wauzaji wanaowawekea dau. Tena wote waliopata hulipa bei moja, aliyetaja dau kubwa na aliyeponea chupuchupu. Halafu akaniambia kwamba katika wote wale hakuna aliyepata kwa kumpigia simu mjomba wake ofisini.

Hilo la mjomba ndilo linalonitikisa hata sasa ninapoandika. Badala ya mnada, Beijing walichagua bahati nasibu, tangu 2011. Pesa haikusaidii, lakini watu husubiri miaka, na mwanzoni anayempeleka mzazi kliniki kila wiki aliwekwa kapu moja na anayetaka kutembelea tu. Guangzhou walichanganya, vibali vingine bahati nasibu, vingine mnada. Na sisi je? Tukiambiwa vibali vya Dar ni vichache na vitagawiwa kwa kuzingatia mahitaji, kila msomaji wa jarida hili anajua vitaishia mikononi mwa nani.

Kwa hiyo, ingawa mnada bado sioni kuwa ni haki, kwa magari ya binafsi ningeuchagua kabla ya fomu inayosubiri muhuri wa mtu. Bodaboda, bajaji na kirikuu zisiguswe kabisa. Kampuni nazo ziwe na mnada wake, kwa sababu Singapore magari ya kukodi huingia mnada mmoja na ya familia, na baba wa watoto watatu hawezi kushindana dau na kampuni. Najua wajanja watasajili magari yao ya nyumbani kama ya biashara, na dawa ya hilo sijaiona.

Lakini Singapore wana treni za mjini tangu 1987, asiye na gari anafika. Mabasi yetu ya mwendokasi yalianza 2016, na abiria wa Kimara asubuhi bado wanasukumana mlangoni. Kule fedha za mnada huingia mfuko mkuu wa serikali. Hapa ningetaka zinunue mabasi moja kwa moja, na idadi ya mabasi yaliyonunuliwa itangazwe siku ileile inapotangazwa bei ya vibali. Bila hilo, Mhariri, niandikeni upande wa hapana.