Nataka kumtema wakili wa asilimia, inakuwaje?

Meseji nyingi safari hii zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, watu waliopata ajali wakasaini na wakili wa kulipwa asilimia ya fidia, sasa hawaelewani. Twende moja moja.

Nilishasaini mkataba, naweza kweli kumfuta kazi?

Unaweza, saa yoyote, hata kama huna sababu ya kueleweka. Kesi ni yako, yeye umemwajiri tu. Mahakama ya Juu ya California ililisema hilo mwaka 1972 kwenye kesi ya Fracasse dhidi ya Brent, kwamba wakili aliyeachishwa hadai asilimia yake nzima, anadai thamani ya kazi aliyoifanya, tena pale fidia itakapopatikana. Majimbo mengi yanafuata njia hiyo ila hayafanani kila kitu, kwa hiyo usome mkataba wako kabla hujatuma barua ya hasira.

Wa kwanza anataka theluthi, wa pili naye theluthi, mimi nabaki na nini?

Hili ndo linawatisha wengi. Kwa kawaida wanagawana fungu lilelile moja, hulipi mara mbili. Wa kwanza anaweka dai lake juu ya fidia, ndo maana unaweza kukuta kampuni ya bima imeandika cheki yenye majina ya mawakili wote wawili na lako, na pesa inakaa mpaka wakubaliane. Mwambie huyo mpya akuandikie kwenye mkataba kwamba ada zote mbili hazitazidi asilimia mliyopatana, akikwepa hilo swali tafuta mwingine. Halafu kuna wajanja, ofa nzuri ya bima imeshafika, mtu anamfukuza wakili siku moja kabla ya kusaini ili asimlipe, hapo mahakama inaweza kumpa wakili ada karibu yote au yote kabisa, na mi naona ni haki yake. Na gharama alizotanguliza, kama rekodi za hospitali na ada za mahakama, ni hesabu nyingine kabisa, omba mchanganuo na risiti.

Hapokei simu miezi sasa, nimteme leo leo?

Subiri kidogo. Muandikie kwanza, umpe siku za kujibu, huku ukiongea na wakili mwingine, maana muda wa mwisho wa kufungua kesi haukusubiri eti kwa sababu mmegombana, ukipita umepita. Kuna wakili atakayeikataa kesi iliyobakiza wiki mbili hata kama ni nzuri. Kama kesi iko mahakamani tayari, kuna fomu ya kubadilisha wakili, na mpaka ipite yule wa zamani bado ndiye anayetambulika.

Anasema hanipi faili mpaka nimlipe.

Inategemea jimbo. California haruhusiwi kulishikilia hata kama unadaiwa, kwingine sheria inamwachia nafasi. Liombe kwa maandishi, akigoma peleka malalamiko kwa chombo kinachosimamia nidhamu ya mawakili jimboni kwako.

Na kama yeye ndo anajitoa?

Kama kesi iko mahakamani mara nyingi anahitaji ruhusa ya jaji. Akiondoka bila sababu ya maana, majimbo mengi yanamnyima ada, kwa hiyo muombe akuandikie kwa nini anaondoka na uitunze hiyo barua.