Nimetubu kwa Mungu kimya kimya. Je, lazima nimwambie na tajiri?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni kijana niliyeokoka, msimamizi wa kambi ya sangara katika kisiwa kimoja huku Ukerewe. Tajiri wetu anaishi Mwanza mjini. Aliniachia kambi kwa sababu anasema mlokole haibi. Samaki ambao wakala hawachukui tunawapasua kwa ajili ya kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, tunayaanika. Kwa muda mrefu nimekuwa nikipunguza mawili matatu yakishakauka, namuuzia mnunuzi anayepita jioni. Mshahara wangu nao huchelewa sana. Fungu la kumi la hela hizo nilitoa kanisani. Tajiri alipoona hesabu haikai sawa, alimfukuza kijana mmoja wa kupasua samaki, nami nikanyamaza. Sasa nimetubu mbele za Mungu kwa machozi na nimeacha. Je, haitoshi? Na nifanyeje nisirudie, maana ufunguo wa stoo bado ninao mimi?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kilichonishika si mabondo. Ni yule kijana. Nitamfikia.

Machozi yako siyadharau, na mtu asikuambie kwamba Mungu hakuyaona. Lakini haitoshi. Mambo ya Walawi 6 inampa mtu aliyedhulumu utaratibu ulio wazi: arudishe alichochukua, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenye mali, kisha ndipo alete kondoo dume kwa kuhani. Mwenye mali anatangulia, madhabahu inafuata. Bwana Yesu naye, katika Mathayo 5, anamwambia mtu aiache sadaka yake palepale mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Wewe ulianzia madhabahuni ukaishia hapohapo. Damu ya Yesu inaondoa hatia, lakini haimruhusu mtu kubaki na mali ya mwenzake.

Lile fungu la kumi lisikufariji. Ulimtolea Mungu mali ya mtu mwingine. Usiende kulidai kanisani. Lihesabu ndani ya deni, ulilipe kutoka mfukoni mwako.

Mshahara kuchelewa ni jambo la kweli, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana. Matajiri wa ziwani wanaoketi viti vya mbele ibadani wanapaswa kuusoma mstari huo kwa kutetemeka. Lakini dai la mshahara hupelekwa mchana, kwa mdomo, kwa mtu mwenyewe. Wewe ulijilipa gizani, na kiasi ukajipangia. Kambini wanaita kujiongeza. Mbele za Mungu ni wizi, na unapokwenda kwa tajiri uuite hivyo hivyo. Usimwambie shetani alikupitia. Yakobo 1:14 inasema kila mmoja hujaribiwa akivutwa na tamaa yake mwenyewe.

Nenda Mwanza ukaonane naye ana kwa ana. Kaa chini kwanza, ukadirie kwa haki ni mabondo mangapi na yaliuzwa bei gani. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba bondo kubwa lililokauka si hela ya soda, hivyo usikadirie kwa kujipendelea. Mtajie kiasi, uongeze ile sehemu ya tano, mwambie utalipa vipi. Anaweza kukufukuza. Anaweza hata kukupeleka polisi. Siwezi kukuahidi kwamba atakukumbatia, na yeyote anayekuahidi hivyo hajawahi kumwona mtu aliyeibiwa na anayemwamini.

Sasa kuhusu kurudia. Soma Mwanzo 39 taratibu. Potifa alimwachia Yusufu kila kitu, hata akawa hajui habari za chochote ila chakula alichokula. Mke wa bwana wake alipomtaka, Yusufu alitaja imani hiyohiyo kuwa ndiyo sababu ya kukataa: bwana wangu ameyaweka yote mkononi mwangu, nitafanyaje ubaya huu mkubwa nimkose Mungu? Kwako, kuaminiwa kulekule kulikuwa nafasi. Hapo ndipo pa kuombea. Ombea hilo kuliko unavyoombea tamaa ya hela, kwa sababu hela ingekuja kwa mlango mwingine wowote, lakini moyo unaosema "hakuna anayeniona" utaiba hata mahali pasipo na mabondo.

Na tazama Yusufu alifanya nini mwishoni. Hakusimama akemee jaribu. Alikimbia, vazi likabaki. Wewe unaomba nguvu ya kushinda huku umeshika ufunguo wa stoo peke yako! Kama tajiri atakubakiza, mwombe stoo iwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja uwe kwa mtu mwingine. Mabondo yahesabiwe mabichi, siku ileile samaki wanapopasuliwa, mbele ya watu wawili. Yahesabiwe tena yanapotolewa kwenye kichanja. Picha ya daftari imfikie tajiri kila jioni. Namba ya yule mnunuzi ifute, na akipita asikukute peke yako.

Usione kwamba kuhesabiwa ni kudharauliwa. Katika Yohana 21 Bwana mwenyewe alikuwa amesimama ufukweni, muujiza umekwisha kutendeka, na bado samaki walihesabiwa: 153.

Turudi kwa kijana. Katika Yoshua 7, Akani aliiba nyara zilizokatazwa, akaficha vazi, fedha na kabari ya dhahabu chini ya hema yake, na kabla hajajulikana Waisraeli wenzake wapata 36 walikuwa wamekwisha kuuawa vitani pale Ai kwa ajili ya dhambi yake. Wao hawakugusa kitu. Huyu wako naye hakugusa kitu, lakini anatembea na jina la mwizi, na pengine hakuna kambi inayotaka kumwajiri. Hapa toba yako ya siri haimfikishii chochote. Kila siku unayonyamaza, unamshuhudia uongo.

Kwa hiyo jina lake lisafishwe, na lisafishwe mbele ya walewale waliomwona akifukuzwa. Mwombe tajiri amrudishe. Akikataa, mishahara aliyoikosa ni deni lako wewe, hata kama utailipa kidogo kidogo kwa miaka. Mtafute wiki hii. Kama amerudi kwao bara, panda boti umfuate, kwa maana simu haifai kwa jambo hili. Akikutukana, mwache amalize. Ukihitaji mtu wa kukusindikiza, mchungaji wako wa hapo kisiwani anafaa, ila umweleze yote kabla hamjaondoka.