Hapo Umemfunga Mkanda

Ndugu wakimshusha majeruhi kwenye bajaji watakwambia, "Dokta, ameumia kiuno." Kwetu chochote kilicho kati ya mbavu na mapaja ni kiuno. Ukilichukua neno hilo kama lilivyo, nyonga iliyovunjika utaifunga pasipo mahali pake, kama nilivyofanya mimi miezi yangu ya mwanzo nikiwa daktari tarajali.

Alikuwa dereva wa bodaboda, kijana, lori lilimbana ubavuni. Alikuwa anaongea, anaomba maji. Presha 110 kwa 70, mapigo 128. Nilishasoma kwamba nyonga iliyovunjika hufungwa, basi nikachukua shuka, nikalizungusha juu ya ile mifupa miwili inayojitokeza usawa wa mkanda wa suruali, nikakaza, nikaridhika. Sista wa zamu, mama mtu mzima, akaja akatazama. "Dokta, hapo umemfunga mkanda. Nyonga iko chini." Akalifungua. Akapapasa pembeni, juu kabisa ya paja, mpaka akaupata ule mfupa unaokuuma ukilala ubavu kwenye mkeka. Akaniwekea kidole changu juu yake. "Hapa."

Kidole hicho kimenifundisha kuliko mihadhara. Fupanyonga ni pete. Ikipasuka mbele na kulegea nyuma hufunguka kama kitabu, na ukikaza kwenye mbawa zake za juu, sehemu ya chini inabaki wazi, hata inaweza kupanuka zaidi. Ukikaza usawa wa vichwa vya mapaja, pete inarudi pamoja.

Na damu inatoka wapi? Kwa wengi si mshipa mmoja mkubwa unaoweza kuubana. Ni mtandao wa vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, ulio nyuma kabisa, mbele ya mfupa mpana wa chini ya uti wa mgongo, pamoja na mifupa yenyewe iliyovunjika. Ateri, mishipa inayotoa damu kwenye moyo, huhusika kwa wachache, ila hao ndio wanaoporomoka mbele ya macho yako. Nafasi ile humeza lita kadhaa bila tone kuanguka sakafuni. Kwa hiyo kufunga kunafanya kazi mbili: kunarudisha mifupa karibu, na kunayaacha madonge ya damu yaliyokwisha kujitengeneza yatulie.

Hapo ndipo linapokuja kosa la pili la wageni wa kazi hii, kuitikisa nyonga ili kuona kama inacheza. Usiisukume, usiipanue. Kama ajali ilikuwa kubwa na mapigo yanakwenda mbio, au nyonga inauma, au miguu haikulingana, funga kwanza. Eksirei itafuata. Usimgeuzegeuze pia, kila ukimlaza upande unayavunja madonge yale yale unayoyahitaji.

Kwenye kufunga, kwanza kata suruali na utoe vitu mfukoni. Nimewahi kukuta funguo na simu zimekandamizwa ndani ya shuka, mgonjwa analia tunadhani ni mfupa. Kunja shuka liwe na upana wa shubiri moja na zaidi kidogo. Lipitishe chini ya magoti, penye uwazi, kisha mlivute kwenda juu watu wawili kwa kulichezesha huku na huku kama msumeno, bila kumnyanyua, hadi lifike usawa wa ule mfupa. Mvute kwa kupishana, mmoja huku mmoja kule, mfunge fundo au mbane kwa koleo za upasuaji. Halafu ziunganishe nyayo na magoti, vidole vikielekea ndani kidogo, mfunge kwa bandeji. Kanga moja huwa fupi kwa mtu mwenye mwili. Doti ambayo haijakatwa inatosha vizuri, na mara nyingi mama aliyemleta anayo begani. Vuta mpaka nyonga irudi mahali pake, basi. Mgonjwa yeyote aliyegongwa ubavuni huenda nyonga yake imebonyea kwa ndani, ukikaza kwa hasira unaibonyeza zaidi.

Presha ya yule kijana ilinidanganya, na wewe itakudanganya. Mtu wa kilo 70 ana damu karibu lita 5, na kijana mwenye afya anaweza kupoteza lita moja na nusu kabla presha haijashuka. Soma mapigo, shika mikono uone ubaridi, angalia kama anaanza kuhangaika. Sampuli ya kundi la damu iende maabara kanula, ule mrija wa dripu, inapoingia mshipani, usisubiri presha ifike 80. Ndugu waambiwe mapema waje kuchangia, ukijua kwamba damu yao lazima ipimwe Ukimwi, homa ya ini na kaswende, hivyo inajaza benki zaidi kuliko inavyomfikia mgonjwa wao usiku ule. Kundi halijajulikana na hali ni mbaya? Mpe O, kwa msichana au mama anayeweza kuzaa, O hasi ikiwepo.

Maji ya dripu ni daraja tu la kungojea damu. Lita tatu za maji baridi zinaipunguza nguvu damu iliyobaki na kumpoza mgonjwa, na mtu baridi damu yake haigandi. Mpe kidogo kidogo, mililita 250 kisha upime tena, ukitafuta namba ya juu ya presha iwe 80 hadi 90. Kama kichwa nacho kimeumia sheria hiyo haipo, ubongo unahitaji 100 au 110 kwenda juu kulingana na umri. Mfunike. Na ukianza kumwaga chupa za damu, kumbuka kalisiamu, maana dawa inayozuia damu isigande kwenye chupa inaishika.

Asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke: gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha inaokoa maisha, lakini ikianza baada ya saa 3 inaweza kudhuru. Kwa hiyo saa ya ajali ni sehemu ya dozi. Ndugu akisema "saa mbili" anamaanisha saa mbili usiku, na wewe unaandika 20:00. Nimeshika faili lililoandikwa ajali 02:00 la mgonjwa aliyeingia 22:30; aliyelisoma baada yangu akadhani zimepita saa ishirini, akaacha dawa.

Mpira wa mkojo usiuharakishe. Ukiona damu kwenye tundu la uume au msamba umevimba na kuwa bluu, huenda njia ya mkojo imepasuka, muite mkubwa wako kabla hujasukuma chochote. Kagua uke na njia ya haja kubwa kwa upole. Jeraha huko linamaanisha mvunjiko ulio wazi, na antibayotiki zianze.

Altrasaundi ikionyesha damu tumboni na presha haisimami, ni thieta, na daktari wa upasuaji anaweza kupakia vitambaa mbele ya nyonga bila kuifungua nafasi ile kutokea tumboni. Kuziba ateri kwa kupitia mshipa ni kazi ya hospitali chache, usimwache mgonjwa afie kwako akingojea.

Akisafirishwa, bandika plasta juu ya shuka na uandike saa uliyofunga. Eksirei iliyopigwa nyonga ikiwa imefungwa inaweza kuonekana nzima, na mwenzako wa hospitali ya rufaa akafungua. Yule kijana alipewa chupa mbili, mapigo yakashuka mpaka 104, akaondoka na gari la wagonjwa usiku ule ule. Shuka halikurudi. Mwisho wa mwezi, kwenye kuhesabu vifaa vya wodi, niliitwa nikalieleze.