Muuzaji wa sarafu za kale anapoongeza asilimia 18

Mdogo wangu, umesema ulichagua heller mbili, zile sarafu ndogo za enzi ya Mjerumani, kwenye meza ya muuzaji pale Bagamoyo, mkapatana bei, kisha akataka uongeze asilimia 18 "ya serikali". Usitoe hela kwanza. Hiyo asilimia 18 ni VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na bei anayotajiwa mnunuzi inapaswa kuwa nayo ndani yake tayari. Haibandikwi juu baada ya kupatana.

Tena si kila mwenye meza anaruhusiwa kuitoza. Ni aliyesajiliwa tu, na usajili unamlazimu mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Muuzaji anayezunguka na sanduku lake, leo Tanga kesho Bagamoyo, atazifikisha? Nina shaka sana. Mwombe risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti, uangalie kama ina VRN (namba ya usajili wa VAT) na kodi imeonyeshwa. Akikuandikia karatasi kwa mkono, kataa hiyo nyongeza. Mimi niliwahi kulipa hivyo, na bado inaniuma.

Risiti idai hata kama hatozi VAT. Mnunuzi asiyedai naye anaweza kupigwa faini. Itunze pamoja na sarafu zenyewe, maana siku ukiziuza ndiyo itakayoonyesha ulizipata wapi.